Nani Aliifunua Nailoni?

Saa tatu asubuhi Kobe alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya watu, shavu chini, jicho moja kalifumba, anatazama usawa wa chumba kama seremala anavyotazama ubao. Kutoka pale chini aliona kila kitu. Sakafu ya chumba cha kufungashia dawa, iliyomwagwa epoksi ya kijani, ile rangi nzito inayoganda kama plastiki, wiki saba tu zilizopita, ilikuwa imevimba malengelenge ukuta hadi ukuta. Mengine madogo kama vifungo vya shati, mengine makubwa kama sahani. Karibu na mlango epoksi ilikuwa imebanduka kabisa, na hapo ndipo toroli la chupa za dawa ya kikohozi lilipokwama gurudumu, likapinduka, likamwangukia binti anayepima dawa kwenye mizani na kumvunja mguu mahali pawili.

"Umekufa au unapeleleza?" sauti iliuliza mlangoni.

Alikuwa Bi Mkubwa, mwenye kiwanda, mwanamke mfupi aliyezoea kusubiriwa.

"Kwa umri huu, mama, hata mimi sijui," Kobe alijibu, akajiinua goti moja baada ya jingine.

Hakucheka. "Sikiliza. Walikuja wakandarasi watatu kuomba kazi hii. Msimamizi wangu ndiye aliyechagua, mimi nikamwamini. Sasa nasikia maneno ya chini kwa chini kwamba huyo mkandarasi ni mtu wake. Kikulacho ki nguoni mwako, sivyo wanavyosema? Saa kumi jioni natia saini barua. Msimamizi anaondoka, na faili linakwenda polisi, kwa sababu binti wa watu yuko hospitali mguu umetundikwa. Kama kuna kitu sikijui, nikijue kabla ya saa kumi."

"Na kama hakuna?"

"Basi hakuna," alisema, akaondoka, viatu vyake vikisikika mpaka mwisho wa korido.

Jina la Kobe alilipata zamani akiwa polisi, kwa sababu hakuwahi kumkimbiza mtu, na bado aliwafikia. Sasa alichunguza ajali kwa niaba ya watu wa bima. Alifanya kazi peke yake, alikula peke yake, na simu yake ikilia alijua ni bima, maana hapakuwa na mwingine wa kumpigia. Alikwishazoea, au ndivyo alivyowajibu waliomuuliza, na waliomuuliza walikuwa wachache.

Alitoa kisu, akaingiza ncha kwenye ukingo wa epoksi iliyobanduka, akavuta kipande cha ukubwa wa kiganja. Akakigeuza. Hapo ndipo watu wengi wasipoangalia. Fundi mvivu hasagi zege kwa mashine kabla ya kumwaga, na epoksi yake ikibanduka, upande wa chini unakuwa laini kama kioo, kwa kuwa haikushika chochote. Kipande hiki kilikuwa na mchanga na kokoto upande wa chini. Kilikuwa kimelishika zege kwa nguvu mpaka kimeling'oa.

"Alisaga," Kobe alijiambia. "Tena alisaga vizuri."

Akachagua lengelenge lililoiva, akalitoboa. Maji yakatoka, yakatambaa mpaka kwenye kidole chake. Hayakuwa maji ya kumwagika juu. Yalipanda kutoka ardhini, yakapita kwenye zege, yakaisukuma epoksi kwa chini taratibu, siku baada ya siku. Kosa basi halikuwa la mashine wala la mkono. Zege lilikuwa na unyevu, na mtu fulani alisema ni kavu.

Ofisi ya Msimamizi ilikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia mwenyewe, cha pili kilikuwa na mafaili ambayo, kwa vumbi lake, hayakuwa yameguswa kwa miezi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi kwa adabu. Aliyahamisha mafaili kwa haya, kama mtu aliyesahau kwamba wageni huja.

"Nieleze ulivyochagua," Kobe alisema. "Taratibu. Mimi si mtu wa haraka."

"Walikuja watatu. Wa kwanza nilimuuliza atalisagaje zege. Akasema hasagi, anamwaga tindikali, anaosha, kesho yake anapaka. Nikamwambia asante."

"Wa pili?"

"Alileta picha. Sakafu zinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nikamwambia haya, twende tukazione. Ya kwanza pamefungwa, ya pili mwenyewe kasafiri, ya tatu ni mbali. Muuza nguo akikuambia usiishike nguo, ujue inachuja."

Kobe alitabasamu. "Na wa tatu?"

Msimamizi alipanga kalamu zake mezani, ingawa zilikuwa zimepangika tayari. "Wa tatu hakuleta picha. Aliacha mapokezi kipande cha nailoni, na barua ya mstari mmoja. Kwamba hatasema lolote mpaka zege lenyewe liseme."

Kipimo hicho Kobe alikijua. Unatandika nailoni juu ya zege tupu, unaibana kwa selotepu pande zote nne, unaiacha siku nzima. Zege likiwa na unyevu, nailoni hutoa jasho kwa ndani. Ukiona jasho, humwagi epoksi. Unasubiri, au unatanguliza tabaka la kuzuia maji. Na kwa kuwa mafundi na wenye kazi hulaumiana tangu dunia iumbwe, nailoni hufunuliwa na watu wawili pamoja, mmoja wa kila upande, na wote wanatia saini.

Fomu ilikuwepo kwenye faili. *Nailoni imefunuliwa saa tatu asubuhi. Zege ni kavu.* Saini mbili.

"Hii ni yako?"

"Yangu."

"Na kabla ya kumpa kazi, ulikwenda kuona kazi zake za nyuma?"

"Zote." Msimamizi akafungua droo, akatoa daftari jeusi. Hapo uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Hapa. Gereji ya mabasi, magari mazito yanapita na haijaachia hata ukucha. Jiko la shule. Chumba cha maiti cha hospitali, tazama, ameviringisha pembe ili maji yasitulie."

Kobe alipekua ukurasa mmoja mmoja, akilowesha kidole. Alirudi wa kwanza. Akaenda wa mwisho. Akarudi tena wa kwanza.

"Kiwanda kiliamua lini kuweka epoksi?"

"Mwaka huu. Mwezi wa pili."

"Hii ya gereji umeiandika miaka sita iliyopita."

Nje, mashine ya kujaza chupa iligonga mara kadhaa ikanyamaza.

"Mtu hakagui sakafu za fundi miaka sita kabla hajamhitaji," Kobe alisema. "Ni nani wako?"

"Mdogo wangu." Sauti ilikuwa ya chini sana. "Tumbo moja, baba mmoja. Yeye anatumia jina la babu, ndiyo maana hakuna aliyejua."

"Bi Mkubwa hukumwambia."

"Ningemwambia, kazi asingepewa. Na wallahi, afande, hata angekuwa mtoto wa jirani ningemchagua yeye."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Unaona ulivyojifunga kamba mwenyewe? Mnaongea, wewe na huyo mdogo wako?"

"Miaka tisa hatuongei."

"Kazi mliifanyaje?"

"Kwa karatasi. Anaandika, najibu." Msimamizi alilifunga daftari, akaliwekea kiganja juu. "Nikisikia amemaliza kazi mahali, nasubiri aondoke, naenda. Napiga magoti, naigonga kwa ufunguo. Iliyoshika haitoi mlio wa utupu. Basi narudi nyumbani roho imetulia. Najua yu mzima."

Kobe alikuwa amesikia maungamo mengi maishani, ya visu na ya sumu, lakini ungamo la sakafu hakuwahi kulisikia. Aliomba kuondoka na fomu. Mlangoni aligeuka.

"Unadhani alikudanganya kwenye kipimo?"

"Sitaki kudhani," Msimamizi alisema. "Lakini maji yako pale, sivyo?"

Fundi Sakafu, ndivyo mdogo mtu alivyojulikana, alikutwa kwenye ghala tupu upande wa pili wa mji, anasukuma mashine ya kusaga zege huku amejifunga kitambaa puani. Alimwona Kobe, akaendelea. Akamaliza mstari wake mpaka ukutani ndipo akazima. Vumbi lilimfanya aonekane mzee kuliko kaka yake.

"Nimetumwa na bima," Kobe alisema.

"Najua umetumwa na nani. Huyo bwana anasemaje? Kwamba mdogo wake ni tapeli?"

"Hajasema hivyo."

"Hajasema, lakini kaacha liseme lenyewe. Ndiyo tabia yake."

"Ulipima?"

"Nilipima!" Akachomoa simu, akafuta kioo kwa paja la suruali, jambo ambalo halikusaidia. "Tazama. Hii siku ninayotandika. Hii kesho yake saa tatu, kabla sijafunua. Hii baada ya kufunua. Unaona jasho? Hakuna. Kavu kama koo la mwenye saumu."

Kobe akavaa miwani. Akaikuza picha ya kwanza kwa vidole viwili, polepole, kisha ya pili. Fundi alianza kupigapiga mguu.

"Selotepu unaikataje?" Kobe aliuliza.

"Eti?"

"Unaikata kwa nini? Mkasi? Kisu?"

"Kwa meno. Tangu utoto. Mama alikuwa ananigombeza, eti nitaota meno ya panya." Akataka kucheka, akaghairi.

"Picha ya kwanza, miisho ya selotepu imechanikachanika. Yako hiyo. Njoo kwenye ya pili. Upande huu wa dirishani, ni nyembamba zaidi, na mwisho wake una meno madogo madogo yaliyolingana, kama msumeno."

Fundi alinyang'anya simu, akaitazama muda mrefu. Vumbi la usoni lilipasuka kwenye mikunjo ya paji. "Mtu aliifunua," alisema. "Aliifunua, akairudishia. Mimi niliangalia chini ya nailoni, nani anaangalia selotepu?"

"Mlikuwa na nani mlipofunua?"

"Peke yangu."

"Fomu ina saini mbili."

"Alisaini ofisini. Nilimpelekea kupitia kwa mlinzi, ikarudi imesainiwa. Nilisimama pale chumbani nusu saa nzima namngoja. Nusu saa, mzee. Nikasema labda leo atakuja, maana sheria inasema wawili. Hakuja." Alirudisha kitambaa puani, na maneno yakatoka yamefunikwa. "Basi ni yeye. Ana ufunguo. Alitaka nimwage juu ya maji niaibike."

"Saa tisa na nusu uwe getini pale kiwandani," Kobe alisema.

"Kufanya nini?"

"Kungoja. Kumbe kungoja unajua."

Kwenye meza ya kufungashia maboksi Kobe alikuta alichokitarajia: kikatio cha chuma cha selotepu, chenye meno. Akakata kipande, akakilinganisha na picha aliyotumiwa na Fundi. Ni yenyewe. Daftari la funguo la mlinzi lilisema chumba kilikuwa na funguo mbili. Siku ile Msimamizi aliuchukua wake saa mbili na nusu asubuhi, na mlinzi alimwona akiingia nao ofisini moja kwa moja, na chumbani hakuingia. Wa pili ulichukuliwa saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, kama ulivyochukuliwa kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na minane, na mama wa usafi.

Walimwita Mama Deki. Kobe alimkuta kwenye chumba chake cha chini ya ngazi, kilichotosha kiti kimoja na ndoo tatu. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa kwa rangi zake. Aliomba maji ya kunywa, akapewa, akasimama kwenye korido akimsifia sakafu yake. Mama Deki alisema ahsante kaka, sakafu ni kama mtoto, usipomwogesha atakuaibisha mbele za watu.

Kobe akaiinamisha bilauri. Maji kidogo yakamwagika chini.

Hakuwahi hata kusema samahani. Mama Deki alikwishapiga magoti, kitambaa mkononi, anakausha, anageuza upande mkavu, anakausha tena, anapitisha kiganja kuhakikisha.

"Na yale ya chini ya nailoni," Kobe aliuliza kwa upole, "uliyakausha vivyo hivyo?"

Kiganja kilisimama.

"Yapi, kaka?"

"Kabla ya kumwaga hii ya kijani."

Mama Deki alibaki pale chini. "Nilidhani ni mimi," alisema. "Nilikuta nailoni imebandikwa, ndani inatoka jasho. Nikasema ole wangu, deki yangu ya jana haikukauka, na hapa ukiacha maji kwenye chumba cha dawa unaandikiwa barua. Nikafunua upande mmoja, nikakausha, nikapunga kwa boksi mpaka pakawa pakavu. Nikairudisha kama nilivyoikuta. Selotepu yao ilikuwa haishiki tena, nikachukua ya mezani." Akainua uso. "Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna aliyekuambia usiiguse?"

"Nani aniambie? Msimamizi haongei na mtu, anabandika karatasi. Na mimi kusoma nasoma kwa taabu. Miaka kumi na minane, kaka, hakuna aliyekuta tone kwenye sakafu yangu." Kisha akaelewa, na Kobe akamwona akielewa. "Yule binti. Mguu wake. Ni mimi?"

Kobe aliinama akamshika mkono kumwinua. "Ulifanya kazi yako, dada," alisema. "Waliotakiwa kufanya yao ni wengine." Lakini Mama Deki alikuwa analia tayari, na hakutaka kuinuka.

Saa tisa na nusu Kobe alimwekea Msimamizi picha mbili mezani, bila maneno. Msimamizi aliitazama ya kwanza. Alipofika ya pili hakuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Hii selotepu ni yetu," alisema. "Ya mezani kwetu. Mtu kaifunua."

Kobe aliisogeza picha ya pili mbele yake.

"Mdogo wako aliitazama kwa karibu, asiijue," alisema. "Wewe unaijua kwa jicho moja, na hukuwepo kuitazama. Alikungoja nusu saa. Ungesimama tu mlangoni usimsalimie, yule binti leo angekuwa anatembea."

Msimamizi alivua miwani, akaishika kama hajui inavaliwa wapi. "Nilifika kwenye korido," alisema. "Nikamwona mgongo. Nikarudi."

Bi Mkubwa aliwapokea amesimama, barua iko mezani na kalamu juu yake. Kobe alieleza yote, kuanzia kokoto za chini ya epoksi mpaka kitambaa cha Mama Deki. Alitaka kuendelea, Msimamizi akamtangulia.

"Mama Deki asiguswe. Aliyekosa ni mimi. Nilitia saini kwamba nilikuwepo, na sikuwepo."

"Kwa nini?"

"Mkandarasi ni mdogo wangu. Tumbo moja. Nilikuficha, na pia sikuweza kusimama naye chumba kimoja."

Bi Mkubwa alikuwa amejiandaa kwa mwizi, na huyu hakuwa mwizi. Akaichukua barua, akaichana nusu iliyotaja polisi, ile nyingine akaiacha.

"Mdogo wako jina lake safi, nitamwandikia mwenyewe," alisema. "Mama Deki hataguswa. Lakini wewe kesho usije. Hizi ni dawa za watoto wa watu, bwana. Mtu anayesaini kwamba alikuwepo wakati hayupo, mimi nitalala usingizi gani?"

"Ni haki," Msimamizi alisema.

Nje ya geti pikapu yenye madumu ilikuwa imeegeshwa, na Fundi Sakafu yuko kwenye usukani. Kobe alimweleza dirishani, kwa maneno machache, nani aliyefunua nailoni na nini kimetokea ofisini. Fundi alisikiliza akitazama mbele. Kaka yake alitoka getini mikono mitupu, akasimama upande wa abiria. Kioo kilikuwa wazi.

Hakuna aliyesalimia. Fundi ndiye aliyeanza, na hakugeuza shingo.

"Miaka tisa. Siku ile hospitali mama aliniuliza mara tatu, kaka yako kafika? Mara tatu nikamdanganya. Nikamwambia uko mlangoni, unavua viatu." Alikohoa. "Akafa anatazama mlango. Ulikuwa wapi?"

Msimamizi alinyoosha mkono nyuma yake, kwenye geti, kwenye ukuta mrefu wa kiwanda.

"Hapa," alisema. "Nilikuwa hapa. Nahesabu chupa."

Fundi aliwasha gari. Hakusema panda, wala hakuondoka. Kobe akashika njia yake kwa mwendo wake uleule. Alipofika kona aligeuka. Pikapu ilikuwa palepale, injini inanguruma, mlango wa abiria umefungwa, na kaka mtu amesimama nje ameshika kitasa.